Makomredi Mashinani

Muhula unapokaribia kwisha, wanafunzi wa mwaka wa tatu katika vyuo vikuu vya Kenya hupanga foleni kwenye ofisi za idara zao kuchukua barua. Barua yenyewe ni fupi, ina nembo na muhuri, na haimtaji mpokeaji kwa jina. Imeandikiwa yeyote anayehusika. Inasema kwamba mwenye kuileta ni mwanafunzi halali, kwamba kozi yake inamtaka afanye atachimenti, yaani mafunzo ya vitendo kazini, ya miezi miwili au mitatu, na kwamba chuo kitashukuru akipokelewa. Kumtafuta huyo anayehusika ni shughuli ya mwanafunzi mwenyewe.

Wa uhasibu huanzia kwenye benki. Wa uhandisi hubisha hodi viwandani. Lakini wanaosomea sosholojia, maendeleo ya jamii, mipango miji, sheria au afya ya umma hujikuta wakipanda matatu kuelekea Eastlands, mashariki ya jiji la Nairobi: 58 ya Buruburu, 1960 ya Kayole, ama yoyote inayopita Juja Road. Wakishuka huulizia ofisi ambayo mara nyingi ni chumba kimoja kando ya ukumbi wa kanisa, au kontena lililopakwa rangi, lenye kompyuta mbili na ratiba ya mikutano ukutani. Humo ndimo komredi, kama wanafunzi hao wanavyoitana, hutarajiwa kujifunza kazi ya kuibadilisha jamii.

Anayempokea kwa kawaida hana mshahara wa maana. Ni mratibu wa kikundi cha vijana, au mama anayesimamia chama cha akiba, au msaidizi wa kisheria anayejitolea. Atampitisha mgeni vichochoroni siku za kwanza ili sura yake ijulikane, atamtambulisha kwa chifu na kwa wazee wa mtaa, atazisoma ripoti zake na kuzirekebisha, na mwishowe atajaza fomu ya tathmini. Mwanafunzi naye hujilipia nauli, ambayo hupanda mvua inaponyesha, na chakula cha mchana, na wakati mwingine bima ya ajali. Mhitimu anayechukuliwa kwa mafunzo kazini serikalini kupitia Tume ya Utumishi wa Umma amekuwa akipewa posho ya shilingi 25,000 kwa mwezi. Makampuni yenye waajiriwa huilipa mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, ili taifa liwe na mfuko wa kuwanoa vijana. Kikundi cha watu 15 huko Korogocho kiko nje ya hesabu hizo zote. Atachimenti ya mtaani hugharamiwa na watu wawili wasio na pesa.

Hata hivyo foleni ya barua haipungui, na vikundi havijafunga milango. Kuna jambo kila upande unalipata. Eastlands ina mifano ya miaka mingi inayoonyesha ni lini linapatikana na ni lini halipatikani, na ukiipanga mifano hiyo pamoja utaona swali moja likijirudia: kazi aliyofanya mwanafunzi iliandikwa na nani?

Mitaa iliyozoea kujipanga

Pumwani ilianzishwa na serikali ya kikoloni miaka ya 1920 ili Waafrika wa Nairobi wakae mahali pamoja panapoweza kuchungwa. Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya familia, nyumba za mawe zikizunguka uwanja, kwa kufuata wazo la Waingereza la mji wa bustani. Dandora ilianza mwaka 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia: viwanja 6,000 hivi, kila kimoja kikiwa na choo na bafu, mwenye kiwanja akijiongezea vyumba kadiri ya mfuko wake. Buruburu ikajengewa tabaka la kati. Kandokando ya mito na kwenye ardhi yenye hati za watu wengine, ikakua mitaa ya mabanda ya Mathare, Korogocho na Mukuru.

Mitaa hii haikusubiri mashirika kuja kuipanga. Ukumbi wa Kaloleni ulipata umaarufu kabla ya uhuru kama bunge la wasio na bunge. Tom Mboya na wanasiasa wenzake walihutubia humo. Mwaka 1973 kulizaliwa taasisi mbili ambazo bado zinakumbukwa katika kila mazungumzo kuhusu utetezi wa maskini jijini. Moja ni Undugu, iliyoanzishwa na padri Mholanzi, Arnold Grol, kwa ajili ya watoto waliokuwa wakilala barabarani na kujipatia riziki kwa kuelekeza magari kwenye maegesho. Nyingine ni Kituo cha Sheria, cha mawakili waliojitolea kuwashauri bure watu wasiomudu ada. Kituo baadaye kikaanzisha vituo vya haki vya kijamii, Korogocho na Kamukunji vikiwemo, vinavyoendeshwa na wasaidizi wa kisheria ambao ni wakazi wa hapo hapo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 ndiyo iliyokuja kuwatambua wasaidizi hao rasmi, miaka mingi baada ya wao kuanza kazi.

Kwa hiyo mwanafunzi wa sheria anayeingia kituo cha haki Kamukunji hakuti uwanja mtupu. Anakuta mtu asiye na digrii anayejua ni karani gani wa mahakama atapokea hati bila kuzungusha, ni kesi ipi ya kodi ya nyumba inayomalizwa kwa mwenye nyumba na mpangaji kuketi chini, na ipi lazima ifike kwa hakimu. Somo la kwanza ni kunyamaza na kusikiliza wateja. La pili ni kuandika malalamiko ya mtu kwa maneno ambayo mtu huyo, akisomewa, atayakubali kuwa ni yake.

Dola ilipoandika kazi

Kuwapeleka wasomi kwa wananchi si wazo jipya katika kanda hii. Ethiopia ilianza mwaka 1964: kila mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Haile Selassie alipaswa kutumikia mwaka mzima mikoani, wengi wao kwa kufundisha, ndipo apate shahada. Serikali ilitaka walimu. Ilipata walimu, na pia ilipata kizazi cha wanafunzi waliokwenda kuiona njaa na ukabaila wa ardhi kwa macho yao, wakarudi Addis Ababa wakiwa wapinzani.

Tanzania ilipotaka wahitimu waingie Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili na kukatwa sehemu kubwa ya malipo yao, wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu mwezi Oktoba 1966. Rais Nyerere aliwasikiliza, akawarudisha makwao karibu 400, na akapunguza mshahara wake mwenyewe. Kenya nayo, baada ya jaribio la mapinduzi la 1982 na chuo kikuu kufungwa kwa muda mrefu, iliamuru mwaka 1984 kwamba hakuna kuingia chuoni bila kupitia kwanza kambi za Huduma ya Vijana kwa Taifa. Gwaride na jembe vilikusudiwa kuleta nidhamu. Mpango huo ulikomeshwa mwaka 1990, na migomo ya vyuo haikuwa imepungua.

Katika nchi zote tatu kazi iliandikwa na dola, na mwananchi aliyepelekewa msomi hakuulizwa chochote. Njia tofauti ilijaribiwa Bagamoyo. Kati ya 1975 na 1979, mradi wa Jipemoyo, ulioongozwa na mtafiti Mfini Marja-Liisa Swantz pamoja na watafiti wa Kitanzania na wa Kifini, ulikaa vijijini magharibi mwa wilaya hiyo ukiwa na sharti kwamba wanakijiji washiriki kuamua kinachochunguzwa na washiriki kukichunguza. Swantz alikuwa amekwisha kuwatumia wanafunzi wa Dar es Salaam kwa mtindo huo. Utafiti shirikishi, ambao leo unafundishwa duniani kote, una baadhi ya mizizi yake pale Bagamoyo.

Ramani za Mathare na Mukuru

Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, ulizaliwa mwaka 1996, wakati ubomoaji na unyakuzi wa ardhi ulikuwa habari za kila wiki Nairobi. Mbinu yake kuu imekuwa kuhesabu. Serikali inayodai kwamba hapa hakuna mtu huonyeshwa orodha: milango mingapi, familia ngapi, wapangaji wangapi, choo kimoja kwa watu wangapi. Wanaohesabu ni wakazi waliofunzwa, kwa sababu mkazi ndiye anayejua kwamba mlango mmoja wa bati una vyumba vitatu nyuma yake.

Ujuzi huo ulipokutana na vyuo vikuu, matokeo yalikuwa ya kuvutia. Mwaka 2010 mtandao wa kimataifa wa wakazi wa mitaa ya mabanda, ambao Muungano ni mwanachama wake, uliafikiana na umoja wa vyuo vya mipango miji vya Afrika kwamba wanafunzi wafundishwe pia huko mitaani. Muda mfupi baadaye, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, chini ya Profesa Peter Ngau, na wenzao wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, waliokuwa na Profesa Jason Corburn, wakashirikiana na Muungano kuandaa mpango wa kuboresha bonde la Mathare. Vijiji 13 viliwekwa kwenye ramani moja: mabomba, mitaro, njia, shule, kingo za mto. Wanafunzi walijua programu za kuchora ramani. Wakazi walijua bomba lipi hutoa maji na lipi ni pambo. Hakuna upande ambao ungemaliza kazi peke yake.

Mukuru ilikwenda mbali zaidi. Ardhi ya Mukuru kwa Njenga, kwa Reuben na Viwandani kwa sehemu kubwa ina hati za watu binafsi na makampuni, iliyogawanywa miaka ya 1980 na 1990 ikidhaniwa itajengwa viwanda. Kuanzia mwaka 2013, Muungano na mfuko wake wa nyumba, Akiba Mashinani, waliungana na Chuo Kikuu cha Nairobi, Chuo Kikuu cha Strathmore na Taasisi ya Katiba kuchunguza nani anamiliki nini, na mkazi analipa kiasi gani kwa maji, umeme na kodi. Waligundua kwamba familia ya Mukuru hununua maji na umeme kwa bei ya juu kuliko familia ya mtaa rasmi uliopangwa, tena huduma ikiwa duni. Ripoti hizo ndizo zilizosaidia kuishawishi Kaunti ya Nairobi, Agosti 2017, kuitangaza Mukuru eneo maalumu la mipango kwa miaka miwili. Zaidi ya kaya 100,000 ziliguswa. Makundi kadhaa ya wataalamu, yenye mashirika mengi kwa jumla, yaligawana mada: afya, elimu, maji na nishati, nyumba na miundombinu, ardhi na sheria, na nyinginezo, huku makundi madogo ya majirani yakichagua wawakilishi wa kuyajibu.

Hapo ndipo mwanafunzi wa mipango miji alipofundishwa jambo ambalo halimo katika vitabu vya darasani. Kanuni rasmi za upana wa barabara, zikifuatwa neno kwa neno Mukuru, zingeondoa nyumba za maelfu ya watu ili magari yapite mahali ambapo karibu kila mtu hutembea kwa miguu. Ilibidi kupima upya: njia ipi lazima gari la zimamoto liingie, ipi inatosha mkokoteni, ipi yatosha watu wawili kupishana. Swali lilitoka kwa wakazi, waliokuwa wakiuliza nani atahamishwa. Hesabu ilifanywa na watu waliojua kuchora. Baadaye serikali ilipoanza kujenga barabara, hospitali na mifereji midogo ya majitaka Mukuru, kulikuwa na mpango wa kuurejelea.

Mpango haukuwa kinga. Oktoba na Novemba 2021 matingatinga yaliingia Mukuru kwa Njenga kupisha barabara, na maelfu ya familia zikalala nje. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalifuatwa na ubomoaji mwingine kwenye kingo za mito, Mathare na Mukuru zikiwemo. Aliyefanya atachimenti kwenye ramani hizo alipata somo la nyongeza kuhusu umbali uliopo kati ya waraka uliokubaliwa na mtu anayetoa amri ya kubomoa.

Dodoso lisilorudi

Kuna upande mwingine, na Korogocho inaujua vizuri. Mwaka 2002, Kituo cha Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya barani Afrika, APHRC, kilianza kufuatilia maisha ya kaya za Korogocho na Viwandani: kuzaliwa, vifo, kuhama, maradhi. Ni takwimu za thamani kubwa, na wakusanyaji wengi ni vijana wa mitaa hiyo hiyo. Lakini juu ya utafiti huo mkubwa huja mamia ya tafiti ndogondogo za tasnifu, kila moja na dodoso lake. Mama mmoja anaweza kuulizwa chanzo chake cha maji na watu watatu wasiojuana ndani ya mwaka mmoja. Kisheria mtafiti anahitaji kibali cha tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI. Hakuna kibali kinachomlazimisha arudi kumwambia mama huyo alichokipata.

Utafiti uliorudi hukumbukwa. Mwaka 2007 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilichapisha matokeo ya uchunguzi ulioongozwa na Njoroge Kimani kuhusu jaa la taka la Dandora, uliofanywa kwa ushirikiano na Kanisa Katoliki la Mtakatifu Yohana, Korogocho. Watoto 328 walipimwa. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kilichofikia au kupita mpaka uliokubalika wakati huo. Kabla ya hapo wazazi walikuwa wakisema watoto wao wanakohoa kwa sababu ya moshi; baada ya hapo walikuwa na namba ya kutaja mbele ya kamera na mbele ya diwani. Mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliagiza jaa lihamishwe. Malori yameendelea kuingia.

Vituo vya haki vilivyochipuka baadaye vimefuata njia hiyo ya kuandika ushahidi wenyewe. Kituo cha Haki cha Mathare, kilichoanzishwa mwaka 2014, kilitoa ripoti mwaka 2017 kuhusu vijana waliouawa na polisi, iliyokusanywa na wakazi kwa kuzitembelea familia moja moja. Dandora na Kayole nako kuna vituo vya aina hiyo. Mwanafunzi akipokelewa humo, kazi ya mwanzo huwa ya chini kabisa: kupanga mafaili, kupiga chapa maelezo ya mashahidi, kumsindikiza mzazi hadi kituo cha polisi akaombe namba ya ripoti. Ni kazi yenye hatari, na huwezi kumkabidhi mtu atakayeondoka baada ya wiki 8 majina ya mashahidi wote. Kinachoonekana kwa mwanafunzi kama kutoaminiwa ni utaratibu wa kuwalinda watu.

MYSA, chama cha michezo cha vijana wa Mathare kilichoanzishwa mwaka 1987 na Mkanada Bob Munro, kiliweka utaratibu wake mapema zaidi. Timu haipati pointi za ligi kwa mabao pekee. Hupata pia kwa kuzoa taka na kuzibua mitaro. Kiongozi kijana hujikusanyia pointi za huduma zinazomsaidia kupata karo. Mwaka 1992 UNEP ilikitunuku chama hicho, na mwaka 2008 klabu iliyotokana nacho, Mathare United, ikatwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya. Mgeni wa chuo anayefika kwa chama cha namna hiyo na wazo la kuwahamasisha vijana kuhusu usafi anagundua kwamba vijana wa miaka 12 wanafanya jambo hilo kwa ratiba. Atakachoombwa ni kufundisha kutunza hesabu za mradi, au kuandika maombi ya ufadhili yanayoeleweka.

Wageni wa mbali na watoto wa nyumbani

Wapo pia wanafunzi kutoka Ulaya na Marekani. Chuo Kikuu cha Minnesota, kwa mfano, kimekuwa na programu ya masomo ya maendeleo iliyowaweka wanafunzi wake katika mashirika ya Kenya. Mwaka 1968, huko Mexico, Ivan Illich aliwaambia vijana wa Marekani waliokuja kusaidia vijijini kwamba waje kutembea, waje kusoma, lakini wasije kusaidia. Walikuwa wakileta mtindo wa maisha ambao wenyeji hawakuuomba na wasingeweza kuulipia. Hotuba hiyo ingali inasomeshwa kwa wanafunzi wanaojiandaa kusafiri. Mtaani hoja ni ya kawaida zaidi: mgeni asiyejua Kiswahili wala Sheng anahitaji mkalimani, na mkalimani ni yule yule mratibu ambaye hana msaidizi.

Tofauti kubwa zaidi siku hizi iko kati ya wanafunzi wa Kenya wenyewe. Idadi inayoongezeka ya barua zile za idara huletwa na waliozaliwa Huruma, Kariobangi au Umoja. Waliingia chuo kikuu kwa mkopo wa bodi ya mikopo ya elimu ya juu, HELB, na michango ya majirani, na wanafanya atachimenti hatua chache kutoka kwao. Hawatambulishwi kwa wazee wa mtaa. Baadhi yao ni wajukuu wa wazee hao. Wanajua nani kweli ni mwenyekiti wa kikundi na nani anajiita tu. Ugumu wao ni mwingine: jirani anayewaambia siri hasemi na mtafiti, anasema na mtoto wa mama fulani, na inawabidi wajifunze kuuliza kama neno hilo linaweza kuandikwa.

Mhadhiri huja mara moja, kwa kawaida katikati ya kipindi. Hukagua daftari la kazi, huzungumza na msimamizi kwa dakika chache, hurudi chuoni na alama. Fomu anayoijaza msimamizi huuliza kuhusu kufika kwa wakati, nidhamu, mavazi na bidii. Haiulizi kikundi kilitaka kazi gani ifanyike, wala kama imefanyika. Idara ikitaka kujua ramani ya mitaro imekamilika, au rejista ya kesi inasomeka, itabidi mtu apande 1960 akaulize. Wakati huo barua nyingine, yenye muhuri ule ule na jina jipya, itakuwa tayari iko mezani kwa mratibu, na mwanafunzi wa mwaka uliopita, aliyekulia nyumba ya tatu kutoka hapo, ndiye atakayepewa kazi ya kumpitisha mgeni vichochoroni.